Kasuku Aliyelelewa na Laini Nzima

Juzi mvua ilininyeshea makaa. Gunia lilikuwa nje verandani, mimi nilikuwa ndani nikimbadilishia mama shuka, na nilipolikumbuka lilikuwa limelowa chepechepe. Nikaliburuta hadi jikoni, na harufu yake ikanipanda puani: katani mbichi, vumbi la makaa, na ile hali ya nguo iliyofungiwa sandukuni bila kukauka. Nikakaa kwenye stuli. Msinidhanie mshairi, sikukaa kwa ajili ya kumbukumbu. Nilikaa kwa sababu miguu ilikataa, na kumbukumbu ikanikuta pale pale nimeketi.

Chumbani mama alikuwa akiita. Mama yangu huita siku hizi. Hataki maji wala hataki kugeuzwa ubavu. "Nani yuko hapo?" anauliza, na ukienda ukamwambia ni mimi, ni Mwende, anainamisha kichwa kwa adabu kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni, na kabla hujafika mlangoni ameita tena. Wenzangu wa rika langu mnaouguza wazazi mnajua nasema nini. Uchovu huu haumalizwi na usingizi. Unaamka nao, unakoroga uji nao, unaenda nao kanisani na unarudi nao. Basi mama alipoita tena mchana ule, neno lilinifika ulimini na ikabidi nilibane kwa meno. Neno lenyewe ni "nyamaza". Nalijua vizuri neno hilo. Tuliwahi kuwa na ndege aliyedhani ni salamu.

Alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na aliletwa nyumbani kwetu Ziwani, Nairobi, na Mjomba Kioko, mdogo wake mama. Mjomba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, lile la kwenda Uganda na kupitiliza hadi Zaire. Huko ndiko alikompata ndege huyo angali kinda, akamlea ndani ya kebini, akamwita Taniboi, kwa kuwa taniboi wake wa kweli, utingo wa lori, alimtoroka mpakani na huyu ndiye aliyebaki kumpigia gumzo asisinzie kwenye usukani. Mjomba hakuwa na mke wala chumba Nairobi. Alikuwa na kochi letu. Baadaye, safari zilipokuwa ndefu, alimwacha Taniboi kwetu, ndani ya tundu la waya lililoning'inia verandani.

Akirudi safari, Mjomba alisimama kwenye mfereji, bomba la maji la wote, pale laini yetu ya nyumba ilipoanzia, akapiga mluzi. Ulianza mrefu ukipanda, kisha ukaanguka ghafla, kama mtu anayeuliza swali halafu akajijibu mwenyewe. Kasuku alimrudishia mluzi uleule kutoka verandani, na mama akatoka na unga mikononi.

"Umechelewa," mama alimwambia, kila safari.

"Barabara mbaya, dada," alijibu, kila safari, hata kama alikuwa ametoka Thika kwenye lami tupu.

Halafu lori likapinduka kwenye mteremko huko Bonde la Ufa, na Mjomba akapelekwa kwao Machakos ndani ya sanduku. Tulikwenda kumzika, tukakaa matanga, tukarudi. Ndege tulikuwa tumemwachia jirani. Tulimkuta ameanza kupiga kelele.

Sijui niwaelezeje zile kelele. Baba alikuwa mchonga vinyago, akifanya kazi kule upande wa Pumwani, na jioni alileta nyumbani twiga na tembo ili mama na mimi tuwasugue kwa msasa. Kwa hiyo nilijua sauti ya msumeno ukikutana na msumari ndani ya mti. Basi kelele za Taniboi zilikuwa hivyo, tangu mwanga unapogusa mabati hadi jua linapotua. Akaanza pia kuuma vidole. Akaanza kujing'oa manyoya kifuani, mpaka ukaona ngozi, nyekundu na yenye vipele kama ya kuku aliyechovywa maji moto. Na ule mluzi hakuupiga tena.

Sasa lazima niwaeleze malezi ya laini yetu, maana kosa letu lilitokana na hayo. Ziwani ya wakati ule mtoto hakuwa wa mtu mmoja. Ukikanyaga nguo za Mama Wanjiru alizozianika, alikuchapa yeye mwenyewe, na ukifika nyumbani ulichapwa tena kwa kumsumbua mama wa watu kukuchapa. Hakuna aliyeona ubaya. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndivyo tulivyoambiwa, na kwa kweli hatukuwa watoto wabaya. Na Taniboi alikuwa akiishi verandani, mbele ya macho ya wote, kama mtoto mwingine yeyote. Kwa hiyo wote walimrudi. Aliyepita na ndoo alimrushia maji. Aliyepita na mwiko aligonga tundu. Wavulana wa laini ya pili walivua akala zao, zile za tairi kutoka Kariokor, wakazipiga kwenye waya hadi ndege akaanguka kutoka kwenye kijiti chake. Na kila mmoja, akishamrudi, alimwambia neno lilelile: nyamaza. Jioni baba alirudi kutoka kazini, akaambiwa mashtaka ya siku nzima, akachukua gunia la makaa na kumfunika nalo jua likingali juu. Mvua ikinyesha gunia lilikuwa limelowa. Ndiyo hiyo harufu.

Haikuchukua muda Taniboi akajifunza lile neno. Alilisema kwa sauti ya kila mtu. Alilisema kwa kikohozi cha Baba Njoroge wa mlango wa tatu, akalisema kwa sauti nyembamba ya Mama Wanjiru, akalisema kama baba. Wazee wa kanisa walipokuja kumfariji mama, mzee mmoja alifumba macho, akaanza, "Baba yetu uliye juu," na kutoka verandani ikaja, "Nyamaza we. Nyamaza." Akina mama walizika nyuso zao kwenye leso, mabega yakitikisika. Mama mwenyewe alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Baba hakucheka.

Nami mnaweza kuuliza nilikuwa naona nini. Nilikuwa mtoto, meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka, na nilikuwa na hakika kwamba Taniboi ameuficha mluzi wa Mjomba kwa makusudi. Nilidhani anao, amekalia tu, kama mtoto aliyeficha sukari guru mfukoni. Na kwa jinsi nilivyoijua dunia, kitu kilichofichwa hutolewa kwa kiboko. Kwa hiyo sikumhurumia hata kidogo. Nilisimama mbele ya tundu nikamwambia, "Toa." Aliniangalia kwa jicho moja, la manjano, akaniambia ninyamaze.

Mambo yakafika pabaya kwa sababu ya Baba Njoroge. Alikuwa soja wa usiku, akilinda ghala huko mjini, na mchana ndio uliokuwa usiku wake. Alimjia baba akiwa amevaa koti lake zito la kazi, macho mekundu.

"Baba Mwende, mimi si mtu wa maneno," alisema. "Lakini nasinzia kazini. Siku watakayonikuta nimelala, watanifukuza, na itakuwa ni huyu ndege wenu amenifukuza."

Baba aliona aibu. Mtu mzima kumwomba mtu mzima mwenzake usingizi ni jambo zito. Kesho yake alizungumza na mtu mmoja wa Kariokor aliyeuza akala na, ukimwagiza, kuku na ndege. Wakakubaliana kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi atakuja amchukue Taniboi.

Mama alikuwa akisugua shingo ya twiga. Hakuacha kusugua.

"Mluzi wa Kioko umo humo ndani yake," alisema. "Hakuna pengine ulipobaki."

"Humo ndani kumebaki nyamaza tu," baba akajibu. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka tu.

Basi nikajua kwamba Jumapili hiyo Mjomba atachukuliwa mara ya pili. Sikujua namna ya kulisema hilo, nikalala nalo.

Halafu mama akaugua malaria. Siku ya homa kali baba alikuwa kazini, shule zimefungwa, na mama alitandika mkeka mlangoni, nusu ndani nusu verandani, akalala hapo na kanga kichwani. Taniboi akaanza. Akapiga ukelele, akasema nyamaza, akatulia kidogo huku amemtazama mama, akingoja. Mama hakujibu. Akapiga mwingine, mrefu zaidi. Mama hakujibu. Nikachukua mwiko, nikainuka, na mama akanishika sketi bila kufumbua macho.

"Acha," alisema. "Sina nguvu za kusikia kelele zake na zako."

Hapo nikaogopa kweli. Mtu mzima wa mwisho niliyemwona ameacha kugomba alikuwa nyanya yangu, na nyanya alikufa siku chache baadaye. Nilielewa kwamba watu huacha kufoka wakiwa wanakwenda zao. Nikakaa karibu na miguu ya mama, nikalia kimyakimya, huku ndege akipasua anga. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkwaruza. Kisha akanyamaza, nadhani kwa mshangao. Hakuna aliyekuja. Hakuna gunia, hakuna maji, hakuna neno. Kimya kikakaa, kikakaa tena, na mama, kwa nafuu tu ya kukisikia, akasema kwa sauti ya chini, "Asante, Taniboi."

Ndege akateremka kwenye waya, mguu kwa mguu, hadi chini kabisa ya tundu upande wa mama. Akaegemeza kichwa kwenye waya na kukiinamisha, manyoya ya shingo yamesimama, kama alivyokuwa akimfanyia Mjomba ili akunwe. Mama akanyoosha kidole. Hakumuuma.

Watu hupenda kunieleza jinsi upole ulivyo hekima. Huenda. Ila wa mama yangu ulianza kwa kukosa nguvu, na siku hizi ndio ninaouelewa zaidi. Siku ile hakuwa amegundua kitu, alikuwa amechoka tu. Lakini kesho yake, homa ilipopungua, alijaribu tena kwa kutaka. Ndege akipiga kelele, anageuka anampa mgongo. Akitulia, hata kwa muda wa kumeza mate, anamwendea na njugu na kumsemesha polepole. Jioni akamwambia baba.

"Huyu anaita. Alizoea kuitikiwa, na aliyekuwa akimwitikia amekufa. Sisi tunamjibu akipiga kelele tu. Akitulia hakuna anayemwona. Hata mimi ningepiga kelele."

Baba alimtazama mama muda mrefu kwa lile neno la mwisho. Halafu akaangalia mikono yake.

"Na laini?" aliuliza. "Utaizuia laini nzima?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mama, miguu ikiwa bado inatetemeka, alikwenda mlango kwa mlango, nami nikimshikilia kanga. Aliegemea kila mwimo wa mlango na kuwaomba watu wasimrudi ndege wake. Nyinyi mliolelewa kule mnajua lilivyokuwa ombi geni. Kumwambia jirani asimrudi mtoto wako ni kumwambia si jirani.

"Yaani tumwache?" Mama Wanjiru aliuliza. "Akikosa adabu leo tukamtazama tu, kesho hawa wa kwetu wataiga."

"Msimjibu tu. Akipiga kelele, mgeukieni upande. Akitulia, mkipita msalimieni."

"Nisalimie ndege."

"Mpaka Jumapili, Mama Wanjiru. Jumapili anachukuliwa. Nipeni mpaka hapo tu."

Nadhani walikubali kwa kumwonea huruma mgonjwa. Baba Njoroge tulimwacha wa mwisho, na mama alimwambia ukweli, kwamba kelele huenda zikazidi kabla ya kupungua. Hilo alikuwa ameliona kwa ndege mwenyewe. Baba Njoroge alisikiliza, akashusha pumzi, akasema atatia pamba masikioni. Lakini kumsalimia ndege, hapana.

"Hata kwa kukohoa," mama alisema. "Kikohozi chako anakijua."

Na kweli kelele zilizidi. Taniboi aliita kama nyumba inaungua. Laini nzima ikampa mgongo. Ilikuwa ajabu kuona wanawake waliomudu kumrudi mtoto wa mtu hata kwa kumkazia macho wakiinamia beseni zao, midomo imebanwa. Mvulana mmoja wa laini ya pili alikuja na akala yake mkononi, na kabla hajaifikisha kwenye waya Mama Wanjiru alimlamba kofi la kisogoni. "Huyo hapigwi," alimwambia. Hatukuwa tumefika mbali sana na mambo ya upole.

Jioni moja nilimwona baba akichagua kipande cha mti laini kutoka kwenye mabaki yake, akakichonga duara, akakitoboa, akakipitisha uzi na kukitundika ndani ya tundu. Taniboi alikitafuna usiku na mchana, na kifua chake akakiacha kwa muda. Lile gunia mama aliliweka mlangoni tukawa tunajifutia miguu.

Jumapili ikafika. Tulirudi kutoka kanisani, tukakuta laini nzima iko nje, wengine wakisukana nywele, wengine wakichambua mboga ya sukuma, wote wakijifanya wana kazi. Mtu wa Kariokor alikuja na boksi lililotobolewa matundu. Alilisogeza karibu na waya, na Taniboi alipomwona mtu mgeni na lile boksi alitoa ukelele ambao sijausikia tena maishani. Nikaziba masikio. Nilijua yameisha.

Hakuna aliyeinua kichwa. Mama Wanjiru aliendelea na sukuma yake. Mama aligeuka akanipa mgongo mimi, ndege, mgeni, wote, na niliona mikono yake imeshikana nyuma. Mgeni akatazama huku na huku.

"Kwani hapa hamsikii?" aliuliza.

Hakuna aliyemjibu. Nadhani walikuwa wamezoea. Taniboi akaita tena, akaita mara nyingine, akafifia. Kimya kikaingia. Ndipo mlango wa tatu ukafunguka, na Baba Njoroge akatoka na fulana ya ndani, pamba masikioni, uso umevimba usingizi. Alitembea hadi kwenye tundu, akasimama, akakohoa.

Ndege naye akakohoa.

"Umeshindaje, Taniboi," Baba Njoroge alisema, bila kumtazama mtu yeyote. Kisha akamgeukia mgeni. "Huyu ni wa laini. Hauzwi." Akarudi ndani kulala.

Baba alimtazama mama, ambaye bado alikuwa ametupa mgongo. Akamwambia mtu wa Kariokor aweke boksi chini, anywe chai.

Msidhani mluzi ulirudi siku hiyo. Ulikawia. Manyoya yalianza kuota kwanza. Neno nyamaza halikumtoka kamwe, ila alilisema polepole, mtu akipita, na watu wakamjibu, "Nyamaza na wewe, habari ya asubuhi," wakaenda zao. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, nami nilikuwa ndani nikisugua masikio ya tembo, niliposikia mluzi. Mrefu ukipanda, kisha ukaanguka.

Nilitupa msasa. Nilikimbia matopeni hadi kwenye mfereji, miguu mitupu, nikasimama hapo. Hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yakidondoka ndani ya ndoo ya mtu. Nilirudi nikilia, nikamkuta mama amesimama verandani, unga mikononi, hakuwa ametoka hata hatua moja.

"Amekuja akaenda?" nilimuuliza.

"Mjibu," mama alisema.

"Nani?"

"Anayeita. Mjibu." Alikunja midomo apige mluzi mwenyewe, lakini midomo ilimtetemeka na pumzi ikatoka tupu. Akajaribu tena, ikatoka tupu. Kwa hiyo nikapiga mimi, kupitia pengo la meno yangu, vibaya sana. Taniboi akainua kichwa, akaurudisha. Tukaendelea hivyo, mimi na yeye, na mama akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu ya unga.

Juzi nilikaa kwenye stuli jikoni mpaka harufu ya gunia ikapungua. Mama aliita. Mama yangu si ndege, na umri wa kumfunza kitu umepita. Kwake siwezi kungoja anyamaze kwanza. Nilichokuwa nimesahau ni kile alichokijua yeye mwenyewe amelala na homa mlangoni, kwamba mtu akiita hivyo anamwita mtu. Nami siku zote nilikuwa nikienda kumtajia jina langu, wakati hakuwa akiniita mimi.

Nilisimama nje ya chumba chake. Midomo ilikuwa imekauka, na meno ya mbele yameanza kuniacha tena, safari hii kwa heri. Nikapiga mluzi. Mrefu, kisha ukaanguka.

Mama akanyamaza. Nikamsikia akijikokota kwenye mto, akijaribu kuinuka.

"Kioko," alisema. "Umechelewa."

"Barabara mbaya, dada," nikajibu, nikaingia, nikavuta kiti.